Mkono wa Mwalimu Honorata

Katubuka, Kigoma

2 Novemba 2015

Leo imenyesha mvua ya kwanza ya maana. Naanza kuandika shajara kwa sababu kichwa peke yake hakitoshi tena. Nina kazi tatu mezani na kila moja inataka iwe ya kwanza.

Moja ni ya gazeti la Dar es Salaam. Kila wiki nawapelekea katuni ya Refa Mstaafu, mzee aliyeacha kupuliza filimbi uwanjani lakini bado anawaonyesha jirani zake kadi za njano. Nyingine ni ya shirika la maji linalohudumia kambi ya Nyarugusu: kitabu cha katuni kuhusu maji salama na vyoo, kwa Kiswahili na Kirundi, kiwe tayari katikati ya Januari. Iliyobaki ni yangu, hakuna aliyeniagiza. Mwezi Mei niliwaona Warundi wakishuka bandarini hapa na magodoro yao vichwani, na tangu siku hiyo nachora hadithi ya watu wanaovuka ziwa. Mchapishaji mmoja ameona kurasa za mwanzo. Amesema nikimpelekea kitabu kizima Pasaka ikifika, atakichapa.

Niliacha ukarani serikalini ili nichore. Mama yangu kule Rombo bado anawaambia watu niko likizo.

6 Novemba

Rodgers wa shirika la maji kaja na marekebisho. Ndoo niliyochora haina bomba chini, watu watachota kwa kikombe kichafu. Haya, nimeweka bomba. Halafu akasema mama wa kwenye ukurasa wa pili anacheka mno kwa mtu anayezungumzia kuhara. Nikamnunisha.

9 Novemba

Rodgers amepiga simu. Mama amenuna mno.

15 Novemba

Mvua. Umeme umekatika tangu asubuhi. Refa Mstaafu nimemchorea dirishani, wino haukauki kwa unyevu. Mama Melania, mwenye nyumba, kaniletea mgebuka, samaki wa ziwani, na ugali wa muhogo akasimama mpaka nimalize kula, maana mara ya mwisho alikuta sahani imegeuzwa chombo cha kusafishia brashi.

22 Novemba

Nimeanguka jana na ndoo kwenye ngazi ya nje. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Naandika kwa kushoto. Inatosha.

25 Novemba

Nimefungwa plasta, hogo hadi Januari. Linawasha.

28 Novemba

Nimewapigia wote wawili. Herman, mhariri wa gazeti, hakuuliza hata kama inauma. Alisema tu, "Sawa, tutaona la kufanya." Nimejua maana yake. Kuna vijana kumi Dar wanaoitaka nafasi ile.

Rodgers aliuliza nani ananichotea maji. Nikamwambia Mama Melania. Jioni dereva wake alishusha pipa la plastiki lenye bomba chini. Nilicheka mpaka mkono ukauma.

1 Desemba

Leo naandika kirefu hata kama herufi zinalala chali.

Kwenye chumba cha stoo cha Mama Melania anaishi mwanamke anayeitwa Honorata. Walikutana kanisani. Ni mkimbizi wa Nyarugusu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nyanza-Lac, Burundi. Yuko mjini kwa kibali, anamuuguza mama wa mumewe, Bibi Eufrasia, aliyeteleza kwenye tope la kambi akavunjika paja na kuletwa hospitali hapa. Kibali ni cha matibabu. Bibi akipona wanarudi.

Wiki tatu tumekuwa tukisalimiana tu. Yeye na Mama Melania wanaelewana kwa Kirundi na Kiha, mimi wa Rombo nabaki kutabasamu kama mgeni msibani. Mara nyingine nilidhani wananisema.

Leo aliingia kuniletea chai akaona kurasa za penseli zimetandazwa kitandani.

"Dada Sia, hizi zinasubiri nini?"

"Zinasubiri wino. Na wino unasubiri mkono."

Akaziangalia muda mrefu. Akasema shuleni kwao hapakuwa na ramani, yeye ndiye aliyekuwa akizichora ubaoni: ziwa, mito, mlima. Kila mwaka zinafutwa, kila mwaka anachora upya.

"Nipe karatasi mbovu nijaribu," akasema.

Nikampa. Sikuwa na cha kupoteza.

4 Desemba

Ni mbaya. Wino wake ni mzito, mistari minene mwanzo mpaka mwisho. Anachora kama anawachorea watoto wa safu ya nyuma. Nimesema "vizuri, endelea", kisha nikaenda kukaa chooni.

7 Desemba

Bado ni mbaya.

12 Desemba

Leo nilimshika kiwiko kwa mkono wangu wa kushoto, nikamwonyesha kwamba brashi haisukumwi, inavutwa. Akasema, "Kumbe si chaki." Nikamwambia ndiyo, si chaki. Tulirudia mstari mmoja, nyusi ya mama wa kuhara, mpaka chai ikapoa. Ile nyusi ya mwisho ingekuwa yangu ningejivunia.

20 Desemba

Kurasa nane za kitabu cha maji zimekamilika. Mimi nasema, yeye anavuta. Kwenye maneno ya Kirundi aliweka brashi chini.

"Nani aliandika hivi?"

"Ilitoka ofisini kwao."

"Mtu hasemi hivi. Hivi ni tangazo la redioni. Mama anamwambia mwanawe anawe mikono, si anahutubia."

Akayaandika upya yote. Nilimtumia Rodgers picha kwa simu nikiwa na hofu. Alimwonyesha mlinzi wao Mrundi, akajibu kwamba mlinzi amecheka mara mbili na anaomba nakala. Malipo ya kitabu nimemwambia Honorata tutagawana. Alitaka kukataa, Mama Melania akamkemea kwa Kiha, akakubali.

25 Desemba

Krismasi hospitalini. Nimeonana na Bibi Eufrasia kwa mara ya kwanza. Amelala na uzito umening'inizwa mguuni, na wodi nzima inamtii. Alikuwa akiuza dagaa na mawese sokoni Nyanza-Lac na sauti ya soko hajaiacha. Aliangalia hogo langu, akaangalia mguu wake, akasema, "Tope la Tanzania halina adabu."

Akataka nimchore. Nilimchora kwa kushoto, ikatoka kama kiazi. Ameikunja akaiweka chini ya mto.

4 Januari 2016

Hogo limetolewa. Mkono umekonda, una rangi ya majivu, na kalamu inatetemeka. Daktari anasema ni polepole. Nimechora duara, limekuwa yai. Lakini ni yai langu.

9 Januari

Herman kapiga simu. Nilijiandaa kusikia nimeondolewa. Kumbe wiki zote hizi amekuwa akirudia katuni za zamani za Refa Mstaafu, za mwaka juzi.

"Wasomaji wamelalamika?" nikauliza.

"Hakuna hata mmoja aliyegundua."

Sijui nishukuru au nilie. Nimeshukuru. Kumbe mtu yule nilimhukumu bure, alinilindia nafasi bila kusema neno.

15 Januari

Kitabu cha maji kimekabidhiwa. Rodgers aliomba nembo ya shirika ikuzwe. Mama wa ukurasa wa pili, alisema, sasa yuko sawasawa. Honorata aliinamia meza akacheka mpaka machozi. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile.

30 Januari

Bibi Eufrasia ametoka wodini. Amehamia stoo kwa mkwewe, anatembelea magongo, anarudi hospitali kuangaliwa tu. Mvua haipumziki. Nimempa Honorata kurasa za kitabu changu, zile za mtumbwi. Ndizo ninazozipenda kuliko zote. Mkono wangu unaweza penseli, wino bado.

4 Februari

Hajazigusa. Anasema amechoka.

8 Februari

Anamfulia Bibi, anapika, anachambua dagaa za Mama Melania. Kwenye meza yangu haji. Kurasa sita za mtumbwi ziko palepale nilipoziweka. Nimeanza kuwaza vibaya: kitabu cha maji kilikuwa na malipo ya uhakika, hiki hakina. Labda ni hilo.

11 Februari

Nilitia wino mwenyewe ukurasa mmoja. Mstari wa maji umetetemeka wote. Nimeuchana.

13 Februari

Nitaandika yote kama yalivyotokea, nisije nikayasahau.

Mchana mvua ilikatika. Bibi Eufrasia alikuwa kibarazani kwenye kiti, mguu juu ya debe. Honorata alikuwa ameketi kwenye jamvi anachambua mchele. Mimi nilikuwa na hasira, ya kimyakimya ile, nikachukua zile kurasa nikaenda nazo kwa Bibi. Nilitaka Honorata asikie mtu mwingine akizisifu.

Kwenye kurasa zile watu wako mtumbwini asubuhi, wanaelekea Kagunga, upande wa Tanzania. Wote wameinamisha vichwa. Hakuna anayesema. Maji yametulia, nimeyachora kwa siku nyingi. Nyuma, ufukweni, amesimama mwanamume peke yake, ameinua mkono anawaaga.

Bibi alizisogeza karibu na macho, moja baada ya nyingine.

"Hawa wamekufa?" akauliza.

"Hapana, Bibi. Wanavuka."

"Mbona hawasemi?"

Nikamwambia wana huzuni. Akacheka kile kicheko chake cha sokoni.

"Mwanangu, sisi tulisema njia nzima. Kulikuwa na mama mmoja na godoro, amelikalia, watu wamesimama. Tuligombana naye mpaka Kagunga. Kuna mtu alikuwa na kuku ndani ya koti, kuku akatoka. Mtumbwi ukalala upande, tukamtukana yeye, tukamtukana na kuku. Mwingine akauliza ng'ambo sukari inauzwaje. Huzuni ilikuwepo. Ilisimama hapohapo na sisi, nayo haikupata nafasi ya kukaa."

Nilikuwa nikicheka pamoja naye nilipomsikia Honorata, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Yule mwanamume, Dada Sia. Naomba umtoe."

"Yupi?"

"Wa ufukweni."

Bibi akaacha kucheka.

Honorata akaendelea kuchambua, akasema polepole. Mumewe anaitwa Leonardi. Walikuwa wameshafika kwenye maji, yeye, mumewe na Bibi. Mtumbwi ulikuwa unajaza watu. Leonardi akakumbuka kwamba mbuzi wamemwacha amefungwa nyuma ya nyumba, atakufa kwa kiu. Akasema anakwenda kumfungua, si mbali, anarudi sasa hivi. Mwenye mtumbwi hakusubiri.

"Mimi niliangalia ufukwe mpaka ukaisha," akasema. "Hakuna mtu aliyesimama pale. Hakuna mtu aliyetuaga. Wewe umechora mtu anajua kwamba tunaondoka. Leonardi hakujua. Kila nikishika brashi nimfuate yule, mkono unakataa."

Tangu Mei hawajapata habari zake. Wameuliza Nyarugusu, wameuliza kwa kila anayeshuka kwenye basi kambini.

Nilikaa kwenye jamvi. Nilikuwa nimewaza kwamba ni malipo. Nilimwambia, "Nisamehe, Mwalimu." Akajibu, "Ulikuwa hujui." Akasogeza ungo katikati yetu, tukachambua mchele pamoja. Bibi Eufrasia aliangalia barabarani.

14 Februari

Nimemfuta. Ufukwe umebaki mchanga tu na nyasi.

15 Februari

Nimezifuta zote tano zilizobaki. Naanza upya, na kuku.

26 Februari

Siku kumi na moja nzuri kuliko zote za maisha yangu ya kazi. Bibi anakaa kibarazani anasimulia, mimi nachora penseli, Honorata anatia wino na kuandika maneno. Mama wa godoro amekuwa mhusika mkubwa, sikumpanga. Bibi anadai avalishwe hereni, kwa sababu yule mama alikuwa nazo na ndizo zilizomuudhi zaidi. Mama Melania anakuja na kikapu chake cha mboga asikie, wanaanza kwa Kiswahili, wakinogewa wanahamia kwenye lugha zao. Siku hizi nadaka nusu. Hawakuwahi kunisema. Wanasemana bei za mawese.

Maji sikuyachora tena yakiwa yametulia. Honorata anayachora yeye. Ule mstari wake mnene wa ubaoni, niliohangaika kuuondoa Desemba, ndio uliofaa.

3 Machi

Daktari amesema paja la Bibi limeunga vizuri. Wiki ijayo kibali kinakwisha, warudi kambini.

Honorata alirudi na habari amejawa na furaha, akanikumbatia. Nami nikajikuta nahesabu kurasa zilizobaki. Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilitamani ule mguu ungechelewa kupona. Sijamwambia mtu. Nimekwenda soko la Mwanga, hapa mjini, nikamnunulia Bibi viatu vya mpira vyenye meno, visivyoteleza.

9 Machi

Wameondoka. Rodgers alikuwa na safari ya kambini, akawapa nafasi kwenye gari la shirika, na Bibi akakaa mbele kama mkuu wa mkoa. Alivikagua viatu, akasema vinamfanya aonekane askari. Amevivaa.

Honorata amechukua kurasa zote ambazo hazijatiwa wino, nimezifunga kwenye nailoni mara tatu. Tumekubaliana: yeye anamaliza, Rodgers anazibeba kila anapokwenda na kurudi. Rodgers yule wa ndoo. Nilipomshukuru akasema, "Dada, hiyo si kazi. Gari linarudi tupu."

Stoo ya Mama Melania imerudi kuwa stoo. Jioni tumekula wawili.

10 Machi

Mvua. Refa Mstaafu, mpya, kwa mkono wangu wa kulia. Herman kasema wasomaji watashtuka.

16 Machi

Kurasa tano zimefika. Kavu, safi. Kwenye nailoni ameweka na karanga.

21 Machi

Kurasa nyingine zimefika. Nimempigia mchapishaji, nikamwambia kitabu kimetimia, limebaki jalada. Akafurahi. Akauliza jina la jaladani. Nikamtajia mawili.

"Jaladani jina moja linatosha," akasema. "Huyo msaidizi tumshukuru ukurasa wa ndani."

"Si msaidizi. Nusu ya kitabu ni yake."

Akasema tuwe wakweli, watu wananunua jina wanalolijua, na jina langu lenyewe wanalijua wachache. Ni kweli. Nikamwambia basi ni majina mawili au nitafute kwingine, nikakata simu. Nimeacha ajira, nimeacha likizo aliyoitunga mama, sasa namwacha hata mchapishaji.

Alipiga baada ya saa moja. "Haya, mawili. Lakini nipate jalada wiki hii."

23 Machi

Nimekwenda Nyarugusu na Rodgers. Barabara mbovu, mito imejaa. Tumefika mchana.

Vitabu vya maji vimeshagawiwa. Pale bombani niliwaona wanawake wakisubiri zamu, mmoja amekishika anawasomea wenzake kwa Kirundi, anaigiza sauti ya mama anayemwambia mwanawe anawe mikono. Walicheka wote, na yule mtoto aliyekuwa mgongoni mwake alicheka kwa kuwa wanacheka. Sikujitambulisha. Nilisimama tu pembeni.

Honorata anaishi kwenye nyumba ya turubai na matofali mabichi, safi, na brashi zangu ziko kwenye kopo dirishani. Bibi Eufrasia alikuwa mlangoni kwenye kigoda, amevaa vile viatu vya askari. Tukakumbatiana. Akaniuliza mama wa godoro anaendeleaje.

Nikatandaza karatasi ya jalada mezani. Picha tayari: mtumbwi, watu wanabishana, kuku juu ya mabega ya mtu, na nyuma yao ufukwe usio na mtu. Jina langu nilikuwa nimeshaliandika. Chini yake nimeacha nafasi.

Nikamwambia kile nilichokuwa nimekiwaza njia nzima. "Mwalimu, kitabu kikishachapwa hatujui kitafika wapi. Kinaweza kuvuka mpaka, kikafika kwa wale mliowakimbia. Kama unaogopa, tuweke jina lingine, au herufi mbili tu. Mimi nitajua ni wewe."

Alifikiri. Nje mvua ilikuwa inaanza kugonga turubai.

"Kinaweza kuvuka kweli?"

"Kinaweza. Vitabu vinabebwa na watu."

"Basi niandike lote. Honorata Nizigiyimana, mwalimu wa Nyanza-Lac. Na uweke kwamba niko Nyarugusu."

Nikamsogezea wino. Alivuta pumzi, akachovya brashi, akaanza kwa mwandiko wake wa darasani, herufi moja moja, ulimi umeshikwa kwa meno. Bibi Eufrasia alijiinua kwenye kigoda, akaja kwa magongo yake mpaka mezani, akainama juu ya mabega ya mkwewe.

"Andika kubwa," akasema. "Macho ya mwanangu Leonardi si mazuri."